Kupaua kwa Mabati na Kumalizia Ndani ya Nyumba

Nyumba nyingi ninazoitwa kuzikagua zina ugonjwa mmoja: doa la rangi ya chai kwenye dari ya sebule, karibu na kona, ambalo mwenye nyumba amekwisha kulipaka rangi mara mbili au tatu na kila masika linarudi. Lawama humwendea fundi wa dari, ilhali kosa lilifanyika miezi kadhaa kabla hajaitwa, siku mafundi wa kupaua walipokuwa juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na chini hakuna aliyekuwa akiwatazama. Kwa sababu hiyo nitaeleza kupaua na kumalizia ndani kama kazi moja, kuanzia mkanda wa zege ulio juu ya kuta hadi mkono wa mwisho wa rangi. Mfano wetu utakuwa nyumba ya kawaida kama zile tunazojenga Tanzania: kuta za matofali ya saruji, upana wa mita 8, urefu wa mita 12, na paa la mabati la pande mbili, lile ambalo mafundi huliita mgongo wa tembo.

Kabla ubao wa kwanza haujapanda

Kupaua huanza siku ya kumwaga zege la linta, ule mkanda ulio juu ya kuta, si siku mbao zinapofika. Katika zege hilo likiwa bado bichi, pachika vipande vya nondo ya milimita 8 au mikanda ya chuma kila baada ya mita 1.2 hivi, ukiviacha vimechomoza vya kutosha kukunjwa na kukumbatia mbao. Bati ni jepesi, na upepo unaoingia chini ya ukingo wa paa hulisukuma juu kama unavyogeuza mwavuli. Ukitazama paa lililoezuliwa na kimbunga, mara nyingi utakuta bati halikung'oka kwenye misumari yake. Limeondoka pamoja na mbao zake zote, kwa kuwa mbao zenyewe zilikuwa zimeegeshwa tu juu ya ukuta. Zege likishakauka bila vyuma hivyo, hakuna budi kulitoboa na kufunga mbao kwa bolti, kazi ambayo ni ya gharama na ambayo mafundi wengi huikwepa usipowasimamia.

Kisha pima usawa wa juu ya kuta kwa mpira wa maji, kona zote nne, na upime pembe kwa pembe. Nyumba ya mita 8 kwa 12 iliyonyooka itakupa mita 14.42 kwa mshazari wa upande huu na mita 14.42 kwa mshazari wa upande ule. Vipimo vikitofautiana kwa sentimita moja au mbili, kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa namna ya kulaza ubao wa juu ya ukuta, ule ambao wazee wa Pwani waliuita mtambaapanya. Vikitofautiana zaidi ya hapo, mjue mapema, kwa sababu bati lina kingo zilizonyooka na halitakubali kufuata ukuta uliopinda. Litaacha upenyo wa pembetatu mwishoni mwa paa, na upenyo huo ndio mlango wa mvua ya upepo.

Mbao nyingi za kupaulia zinazouzwa nchini ni za misindano, yaani paini, na sehemu kubwa hutoka mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Sao Hill wilayani Mufindi. Paini ni nyepesi na hupigika misumari bila taabu, lakini mchwa huipenda, kwa hiyo isitumike bila dawa. Usiridhike na rangi ya kijani ya juu: muombe muuzaji akate ncha ya ubao mmoja mbele yako. Ubao uliosukumiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo huonyesha rangi iliyozama ndani, ilhali ule uliochovywa kwenye pipa au kupakwa kwa brashi huwa mweupe mara tu unapopita ngozi yake. Kila ncha inayokatwa wakati wa kazi ipakwe dawa upya, na vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni, kwa maana dawa inayotumiwa sana katika mbao hizo ina arseniki na moshi wake ni sumu. Nasema haya kwa mkazo kwa sababu nimewahi kukuta mama lishe wa eneo la ujenzi akichemshia maharage vipande hivyo hivyo.

Mbao zikifika zikiwa mbichi, zipange kivulini, juu ya vitegemeo, huku ukiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite. Ubao unaokaukia juu ya paa hujipinda ukiwa umeshapigiliwa, na dari iliyofungwa chini yake hupinda nao.

Kenchi

Paa la mabati ya kawaida linahitaji mteremko usiopungua nyuzi 10, na mimi hupendelea nyuzi 15 hadi 25, kwa sababu maji hukimbia vizuri na upepo haupati ukuta mkubwa wa kusukuma. Vigae vya udongo huhitaji mteremko mkali zaidi, nyuzi 30 na kuendelea, tena uzito wake ni wa kufikirisha: mita moja ya mraba ya vigae huweza kufika kilo 40 au kuzidi, wakati bati halifiki kilo 5. Anayebadili mawazo katikati na kutaka vigae juu ya kenchi zilizopimwa kwa mabati anajitafutia balaa.

Kwa mfano wetu tuchukue nyuzi 20. Nusu ya upana ni mita 4, kwa hiyo kilele cha kenchi kitainuka mita 1.46 juu ya ukuta. Kombamoyo, ule ubao wa mteremko, utakuwa na urefu wa mita 4.26 kutoka kileleni hadi kwenye ukuta, na ukiongeza ukingo unaotoka nje kwa sentimita 60 utafika mita 4.9. Ubao wa dukani una futi 12, yaani mita 3.66, kwa hiyo lazima uungwe. Hapa ndipo kenchi nyingi huharibika. Kiungo kikae karibu na mahali ambapo mbao nyingine inakuja kuushika ubao huo, kisiwe katikati ya nafasi tupu, na kibanwe kwa vipande vya ubao pande zote mbili, kila kimoja kikiwa na urefu usiopungua sentimita 60, kwa misumari ya inchi 4 iliyopangwa kwa kupishana ili isipasue mbao. Kanuni hiyo hiyo ihusu ubao wa chini unaofunga miguu ya kenchi, maana huo huvutwa wakati wote, na ukiachia, kuta husukumwa kuelekea nje.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu hawakuwa na shida ya viungo, kwa kuwa boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa chumba: vyumba vyao ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida havizidi mita 3, kwa sababu boriti haikuweza kubeba dari la mawe na chokaa kwa upana zaidi ya huo. Sisi tumepata kenchi, tukapata sebule za mita 6, na pamoja nazo tukapata wajibu wa kuhesabu.

Unda kenchi ya kwanza chini, mahali palipo sawa, uipime, kisha uitumie kama kielelezo cha nyingine zote. Kwa mbao za inchi 2 kwa 4 na bati la kawaida, kenchi zikae umbali wa mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, hivyo urefu wa mita 12 utakula kenchi 11. Simamisha ile ya mwanzo na ile ya mwisho, zinyooshe kwa timazi, vuta kamba kutoka kilele hadi kilele, na nyingine zote zifuate kamba. Kabla ya kupiga papi, funga mbao za mshazari kutoka kenchi hadi kenchi. Zisipokuwepo, kenchi zote huweza kulala upande mmoja kama vitabu kwenye rafu, na nimeona hilo likitokea kabla hata bati moja halijapanda.

Papi, mbao za inchi 2 kwa 2 au 2 kwa 3 zinazopita juu ya kenchi, zipangwe kwa umbali usiozidi sentimita 90. Kwenye mteremko wetu wa mita 4.9 zitatosha safu 7 kila upande. Mwisho wake funga fishabodi, ubao wa ukingoni unaofunika ncha za kombamoyo, kwa kufuata kamba, kwa sababu jicho la mpita njia hukamata upindo wa fishabodi kabla ya kitu kingine chochote.

Bati

Katika geji, kipimo cha unene wa bati, namba ikipanda unene hushuka: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa nyumba ya kuishi nashauri 28, hasa karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi hula bati upesi. Wanaouza geji 32 kwa bei ya kuvutia hawakudanganyi, ila bati hilo hukunjika chini ya mguu wa fundi, na kila lilipokunjika rangi na zinki hupasuka.

Ikiwa kiwanda kinakata kwa vipimo, agiza bati la mteremko mzima, yaani mita 4.95 kwa mfano wetu, ili sentimita 5 zipite mbele ya fishabodi na maji yasirudi nyuma kuiozesha. Bati moja lisilo na kiungo ni bora kuliko mawili yaliyolaliana. Ukilazimika kuunga, bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 20, na kiungo kikae juu ya papi. Kwa pembeni, bati la migongo midogo lipishane kwa mgongo mmoja na nusu. Anza kupiga kutoka upande ulio mbali na unakotoka upepo wa mvua, ili mdomo wa kila kiungo uupe upepo kisogo. Fundi atakayekuuliza "Upepo wa mvua hapa unatoka wapi?" kabla ya kupanda ngazi, mpe kazi.

Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni yanakopita maji, na uwe na washa ya mpira. Usipigwe kwa hasira: washa ikibonyea kupita kiasi hupasuka kwa jua baada ya muda mfupi, na isipobanwa huacha upenyo. Kwenye kingo na kwenye kofia ya kileleni weka misumari kwa ukaribu zaidi, kwani ndiko upepo unakovuta kwa nguvu. Bati la rangi likatwe kwa makasi ya bati. Grenda huunguza rangi kandokando ya mkato, na cheche zake za chuma hutua juu ya bati jingine na kuota kutu kabla ya mwezi kwisha. Jioni fagia vipande vyote vya chuma vilivyobaki juu.

Paa likiwa na makutano ya miteremko miwili, bati la bondeni, ambalo mafundi huliita vale, liwe na upana wa sentimita 45 au zaidi, likunjwe kingo zake zote mbili, na lilazwe juu ya mbao zilizokazana. Kila vale ni nafasi ya kuvuja. Wateja wanaoniletea ramani yenye vilele saba kwa nyumba ya vyumba vitatu huwa nawaonyesha kwa kalamu maji yatakakokutana, na baadhi yao hurudi kwa mchoraji.

Neno kuhusu paa la kuficha, lile linalofichwa nyuma ya kuta zilizopandishwa, ambalo sasa limeenea mijini. Nilijenga la kwangu mwenyewe hivyo, na mwaka wa pili maji yakaingia chumba cha watoto. Bati halikuwa na tatizo: majani ya mwembe wa jirani yaliziba bomba pekee la kutolea maji, mfereji wa ndani ukajaa, na maji yakapita juu ya ukingo wake kuingia ndani ya dari. Anayetaka paa hilo aweke mabomba ya kushusha maji mawili kwa uchache kwa kila mfereji, na atoboe tundu la dharura kwenye ukuta wa nje, chini kidogo ya ukingo wa mfereji, ili siku bomba linapoziba maji yatokee nje na kila mtu ayaone. Bati la kuziba kati ya paa na ukuta lisibandikwe juu ya lipu kwa gundi. Lichimbiwe mfereji wa sentimita 2 hadi 3 ndani ya ukuta, liingizwe, kisha lizibwe kwa saruji.

Paa likikamilika, lijaribu. Mtu mmoja apande na mpira wa maji, aanze kumwagia chini na kupanda taratibu kuelekea kileleni, akikaa dakika kadhaa kila mahali. Mwingine akae ndani na tochi. Ukianza kumwagia juu hutajua maji yameingilia wapi. Weka pia mifereji ya kukinga maji ya mvua: paa letu pamoja na kingo zake limefunika takriban mita za mraba 121, na kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, mvua ya milimita 50 itakuletea karibu lita 6,000.

Ndani: lipu kwanza

Lipu isianze kabla mabomba ya nyaya na ya maji hayajachimbiwa ukutani na mabomba ya maji kujaribiwa kwa presha. Kuchimba lipu iliyokauka ni kulipia kazi moja mara mbili.

Mchanga uwe wa mto, uchekechwe, na usiwe na chumvi wala udongo. Wanaojenga ufukweni hushawishika na mchanga ulio mlangoni pao. Ukuta wao hutoa unga mweupe na kumenya rangi miaka nenda rudi. Ndani hutosha kipimo kimoja cha saruji kwa vitano vya mchanga. Mwagia ukuta maji kabla, ili tofali kavu lisiifyonze lipu ikiwa bado haijashika, na unene uwe milimita 12 hadi 15. Pale ukuta ulipopinda na kuhitaji zaidi, piga mikono miwili kwa siku tofauti. Zege la nguzo linapokutana na tofali, pigilia wavu mwembamba wa chuma upite kiungo hicho, kwa sababu vitu hivyo viwili hutanuka kwa viwango tofauti na ufa huja hapo hapo kila mara. Mchanganyiko ulioanza kushika usiongezwe maji na kurudishwa ukutani. Lipu imwagiliwe siku 7, kisha iachwe ikauke, ikiwezekana wiki 4, kabla ya rangi.

Dari

Bodi ya jipsamu ina mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88, hivyo chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kitahitaji bodi 5. Fremu yake, iwe ya mbao za 2 kwa 2 au ya chuma, iwe na nafasi zisizozidi sentimita 60, na ininginizwe kwenye kenchi, isitegemee ukuta peke yake. Bodi zipishane kama matofali ili viungo vinne visikutane nukta moja. Skrubu izame kidogo bila kupasua karatasi ya bodi, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo inayoishikilia. Ikae umbali wa sentimita moja na zaidi kutoka ukingoni. Viungo vyote vipigwe tepu ya nyuzi na unga wa jipsamu kabla ya mikanda ya pembeni.

Mambo matatu husahaulika. La kwanza ni mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60, ili mtu aweze kupanda kukagua. La pili ni pangaboi: hoki yake ifungwe kwenye ubao ulioshikana na kenchi, kwani bodi haiwezi kuubeba uzito unaozunguka. La tatu ni hewa: bati huchemka mchana, na hewa ya moto isipotoka kupitia matundu yenye wavu chini ya kingo za paa, dari nayo huwa jiko. Bafuni tumia bodi za plastiki. Jipsamu ya kawaida haivumilii mvuke.

Sakafu, skimingi na rangi

Sakafu ya bafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na mteremko huo ufanywe kwenye zege, usiachwe kwa fundi wa marumaru aupate kwa kuongeza gundi. Marumaru ikikauka igonge kwa kifundo cha kidole: inayolia kama debe tupu ina uwazi chini yake, na siku kitu kizito kitakapoiangukia itapasuka. Asiye na bajeti ya marumaru asione haya kupiga niru, yaani saruji laini ya kumalizia sakafu. Sakafu ya niru iliyosuguliwa vizuri kwa mwiko, ikamwagiliwa kwa siku kadhaa, hudumu kuliko marumaru hafifu iliyobandikwa kwa haraka.

Skimingi, ule unga laini unaokorogwa na kupakwa juu ya lipu, ni nguo ya lipu tu, haiwezi kunyoosha ukuta uliopinda. Weka tabaka mbili nyembamba, piga msasa huku umeangazia ukuta kwa taa iliyowekwa pembeni, maana mwanga wa pembeni huonyesha kila bonde. Futa vumbi, paka rangi ya kwanza ya kufungia ukuta, anza na dari ukishuka, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe.

Ule mkono wa mwisho kabisa wa rangi ya dari mimi huuacha, mwenye nyumba akiniruhusu, mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Asubuhi yake napanda kupitia mlango wa dari na tochi, napita kenchi moja baada ya nyingine nikigusa mbao chini ya vale, chini ya kofia na kandokando ya kuta. Mbao zikiwa kavu zote, nashuka na kufungua ndoo ya rangi.